Kinu, Kisima, Kengele

Jumapili, 7 Septemba

Msimu umeanza, na mimi nimeapa tena, kama ninavyoapa kila mwaka majani yanapoanza kugeuka manjano: safari hii namtoa Antero kwa mkono wangu mwenyewe.

Tuko wanne mezani, walewale kwa miaka kumi na tisa sasa. Jouni fundi baiskeli, ambaye karakana tunamochezea ni yake na mzaha ni wake. Antero, mpima ardhi mstaafu. Mirja mkewe, mwoka mikate ya iliki. Na mimi Raili, mpeleka barua. Kila mtu ana fungu lake la karata mia moja, alizozikusanya kwa kununua, kubadilishana na kubembeleza. Kila mtu anaanza na pumzi arobaini, na wa mwisho kubaki na pumzi ndiye mshindi. Tarehe sita Desemba mwenye ushindi mwingi hukabidhiwa kikombe cha mti anywee kahawa majira yote ya baridi, na jina lake huchomwa kwenye kitako. Kitako kile kimejaa Antero. Mimi nimewahi kushinda michezo, sikatai, lakini kila mara ni baada ya mtu mwingine kumtoa Antero kwanza. Pumzi yake ya mwisho sijawahi kuichukua mimi.

Leo kashinda yeye, kwa mnyororo wake uleule wa karata tatu. Kisima kinasema: toa gunia, pata maji. Kinu kinasema: kila upatapo maji, pata gunia. Gunia linaleta maji, maji yanaleta gunia, na hapo hakuna mwisho. Kengele inasema: kila maji yakitoka, wenzako wote wapoteze pumzi moja. Zikikutana tatu mezani, tumekwisha.

Ila ipo sheria, aliyoiandika Antero mwenyewe na kuipigilia ukutani mwaka ule Jouni alipotaka kushinda kwa karata asizozielewa. ASIYEELEZA HAJASHINDA. Unaeleza hatua kwa hatua, kwa sauti. Kisha mtu anakuuliza, "Mara ngapi?" na unataja idadi, maana "milele" si idadi. Kwa Antero anayeuliza siku zote ni mimi, kwa kinyongo tu.

"Mara ngapi?" nimemuuliza leo.

"Arobaini, Raili. Kama jana na juzi." Na mkono wake ukaenda kwenye mkate.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua. Kashinda Mirja. Mbwa wangu wa Posta alimng'ata Antero pumzi mbili, akacheka mpaka akakohoa. Ni karata duni kuliko zote dukani, lakini sitaitoa.

Jumapili, 28 Septemba

Kuna jambo halinipendezi, na nitaliandika ili nisije nikaambiwa naota.

Antero siku hizi anachelewa. Zamu yake ikifika anatazama karata zake kama mtu anayesoma barua isiyo yake. Kisha Mirja anagonga kikombe kwa kijiko. Ta. Au ta-ta. Na hapohapo Antero anatoa karata, tena ile inayotakiwa hasa.

Nimehesabu. Mara nne leo. Mgongo mmoja ni Kinu, miwili ni Kisima. Naisikia Kengele inakuja.

Jumatatu, 29 Septemba

Nasahihisha hapo juu: mgongo haugongi kikombe, ni mgongano niliotaka kuandika. Hasira inaharibu mwandiko.

Jumapili, 5 Oktoba

Ta-ta-ta. Kengele. Arobaini. Nilijua.

Nilimvuta Jouni kando, kwenye matairi. "Unaona wanachofanya?"

"Naona wanakunywa kahawa."

"Jouni, meza ya wanne haina mke wala mume. Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema mengi, Bi Posta. Hebu waache wazee wa watu." Akarudi mezani bila kunitazama usoni, na Jouni si mtu wa kukwepa macho. Kumbe na yeye yumo, nikawaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 12 Oktoba

Theluji ya kwanza, ikayeyuka kabla ya saa sita.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimesema. Nilingoja kijiko kigonge, nikaweka karata zangu chini kifudifudi.

"Mirja, hicho kijiko kina nini?"

"Nakoroga sukari."

"Hunywi sukari. Miaka kumi na tisa nakuona hunywi sukari."

Jouni akaanza kusafisha spana iliyokuwa safi. Mirja akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Mnaibia," nikasema. "Mimi sina mume wa kunigongea kijiko. Kama mnataka kucheza wawili dhidi ya mmoja mmoja, semeni, nikae nyumbani na soksi zangu."

Antero alimtazama mkewe, akanitazama mimi. "Anasema nini huyu?"

"Hakuna, mpenzi. Raili ana haki." Mirja akachukua kikombe chake, akazunguka meza, akaketi upande wa mbali, karibu na mlango, ambako baridi inaingia. "Sitagonga tena," akaniambia. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwizi aliyekamatwa anapaswa kubisha kidogo.

Nimerudi nyumbani kichwa juu. Meza ni safi sasa.

Jumapili, 26 Oktoba

Antero kacheza ovyo. Katoa Kisima bila gunia hata moja. Nilitaka kucheka. Ukiona vyaelea vimeundwa, na kumbe muundaji alikuwa kijiko.

Jumapili, 2 Novemba

Ovyo tena. Ushindi: mimi, ila Jouni ndiye aliyemtoa Antero. Ziwa limeanza kushika barafu pembeni.

Jumapili, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaanza pale mchezo ulipokuwa umefika, kama anavyotaka Antero, hatua kwa hatua.

Jouni alikuwa na pumzi kumi na moja, Mirja ishirini, mimi kumi na nane. Antero alikuwa na tisa, na mezani kwake Kinu na Kisima. Ikafika zamu yake. Akatazama mkononi kwa muda mrefu. Mirja alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, nimeiona, ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Kisha Antero akatabasamu, akaiweka Kengele mezani, taratibu, akainyoosha ukingo ulingane na nyingine. Tumekwisha, nikawaza. Kafika mwenyewe, bila kijiko.

"Eleza," nikasema.

"Naam. Natoa gunia." Akagusa Kisima. "Napata maji. Maji yana..." Kidole kikaenda kwenye Kengele, kikarudi, kikasimama hewani. "Maji yanakwenda..."

Nje kulikuwa na mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

"Natoa gunia," akaanza upya. "Gunia. Halafu." Akageuka kumtafuta Mirja mahali alipozoea kumwona, kando yake, na kiti kilikuwa kitupu. Ni mimi niliyesababisha kiwe kitupu. Nilimwona akikitazama, na nikaona uso wake ukiogopa, uso wa Antero, mtu aliyevuka vinamasi vya mpakani peke yake na dira.

"Tunaijua, bwana," Jouni akasema kwa sauti nyembamba. "Tumekufa wote. Chukua mkate wako."

"Hapana." Antero akaonyesha ukutani. Kusoma alisoma vizuri kabisa. "Asiyeeleza hajashinda. Mimi ndiye niliyeandika, au siye?"

"Ni wewe," nikasema.

"Basi endeleeni."

Tukaendelea. Sikumbuki nani alishinda. Kwenye orodha Jouni ameandika jina la Mirja. Mlangoni wakati wa kuvaa viatu Antero alivaa changu kimoja, nikakaa na soksi mguu mmoja sakafuni, nikashindwa kumwambia. Mirja ndiye aliyeinama na kumvua.

Jumanne, 11 Novemba

Nilipeleka barua zao nikabisha hodi, jambo nisilofanya nikiwa kazini. Antero alikuwa amelala. Mirja alinimiminia kahawa, akanihadithia huku akikunja nguo.

Daktari aliwaambia tangu Aprili. Ni ugonjwa wa kusahau, na kwake unakwenda mbio. Jouni aliambiwa Agosti kwa sababu karakana ni yake na kuna vyuma. Mimi sikuambiwa kwa ombi la Antero mwenyewe.

"Alisema Raili akijua atamwonea huruma," Mirja akasema. "Alisema, 'Yule ndiye mtu pekee duniani anayetaka kunipiga kwa moyo wote. Usiniharibie.'"

Nikaomba msamaha. Nikamwambia agonge kijiko, agonge hata sufuria ikibidi, nitajifanya kiziwi.

"Nimejaribu nyumbani, Raili. Nikigonga sasa ananiuliza nani yuko mlangoni."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kaja mapema, na kakaa mapajani.

Jumapili, 16 Novemba

Nilifanya ujinga mwingine, wa wema mara hii. Antero alikuwa amebakiza pumzi tatu. Nilikuwa na Radi mkononi, inachoma tatu hasa. Nikasema, "Napita."

Akainua macho. Yalikuwa macho yake ya zamani, yale ya kupima. "Una Radi."

"Sina."

"Karata tano unazo, mbili umezishika kwa kidole gumba tangu zamu mbili zilizopita. Unazo za kuchoma. Raili, usinilishe kwa kijiko. Yuko mtu wa kazi hiyo, na hata yeye nimemkataza."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikaitoa Radi ili nimchome, na Jouni, mpumbavu mwenye roho nzuri, akaizima kwa Ngao yake. "Nimeteleza," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 20 Novemba

Nyuzi joto kumi na mbili chini ya sifuri. Antero alikuwa amesimama kando ya sanduku lake la barua, kofia ya manyoya kichwani, ananingoja.

"Asubuhi mimi ni mzima," akasema. "Kuanzia saa nane mchana akili inanitoka kidogo. Kwa hiyo nimekuja asubuhi."

"Ingia ndani, utaganda."

"Sikiliza kwanza. Miaka kumi na tisa unataka kunitoa. Nitoe sasa, ningali najua kuwa ni wewe. Ukingoja sana utamtoa mtu mwingine aliyevaa sweta langu."

Nikapekua mfuko wa barua nisijue natafuta nini. Nimepeleka barua za misiba katika mji huu kwa miaka thelathini na sijawahi kukosa neno.

Akatoa mfukoni karata tatu. Kinu, Kisima, Kengele, kila moja kwenye kifuko chake cha plastiki.

"Zichukue. Mimi siwezi kuzieleza tena, na zinataka mtu wa kuzieleza."

"Sichukui zawadi."

"Nani kakupa zawadi? Karata haitolewi bure, unaijua desturi. Nataka Mbwa wa Posta."

"Tatu kwa yule mbwa? Umepata wazimu."

"Ndivyo daktari anavyosema," akajibu, na tukacheka wote wawili, pale barabarani, mpaka nikalia. Yeye akanishika bega, akangoja nimalize, kama anavyongoja mtu amalize zamu yake.

Mbwa huwa naye mfukoni siku zote, kwenye koti la kazi. Nikampa. Akamtazama kwa furaha ya kweli. "Mwenye sanduku hili sasa anang'ata," akasema.

Nyumbani nilipozitoa karata kwenye vifuko nizisafishe, nyuma ya Kinu palianguka kijikaratasi kilichokunjwa. Mwandiko wake wa ramani, herufi zimesimama wima. *Moja: toa gunia. Mbili: maji. Tatu: maji yanaleta gunia. Nne: Kengele, kila mtu pumzi moja. Raili atauliza mara ngapi. Sema arobaini.*

Alikuwa amejiandikia mwenyewe. Siku ile ya tarehe tisa kilikuwa pale mezani, nyuma ya karata, na alikuwa amesahau kuwa kipo.

Jumapili, 23 Novemba

Karata zile tatu hazikuja mkononi. Antero alicheza Mbwa mara mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Zimekuja zote. Zamu ya saba nilikuwa nazo tatu mkononi, na magunia ya kutosha.

Antero leo alikuwa mzuri kuliko wiki zote. Alimtania Jouni juu ya tumbo lake, alilijua jina la kila mmoja, aliuliza kama barabara ya kwangu imepigwa theluji. Mirja alicheka kwa sauti, na nilikuwa nimesahau kuwa Mirja ana kicheko. Nikatazama karata zangu nikawaza: nikiziweka chini, jioni hii inakwisha. Na tarehe sita ni Jumamosi ijayo tu, siku ya kikombe, siku ya Uhuru wa nchi yetu, kila nyumba na mishumaa dirishani. Itapendeza zaidi siku ile. Atapenda iwe siku ile.

"Napita," nikasema.

Antero alinitazama kidogo, kisha akavuta karata yake. Jouni kashinda.

Jumatano, 3 Desemba

Mirja kapiga simu. Antero ana homa ya mapafu, kalazwa tangu jana. Nimemaliza mzunguko wa barua bila kukumbuka nyumba hata moja.

Ijumaa, 5 Desemba

Karudi nyumbani. Mirja anasema homa imeondoka, ila imeondoka na vitu. Nimemuuliza vitu gani. Kasema tu watakuja kesho hata hivyo, maana amemvalisha sweta mara mbili na mara zote mbili amekaa mlangoni akingoja kupelekwa mahali.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama yangu hakuacha kuniambia, na mimi nilidhani ni habari ya chakula.

Jumamosi, 6 Desemba

Saa tisa alasiri kumeshakuwa giza. Jouni aliweka mishumaa miwili dirishani, akafuta mafuta mezani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kile kiti kitupu kando ya Antero nilimvutia Mirja mimi mwenyewe. Mirja akaketi, akamshikia karata zake. Antero aliangalia mishumaa.

Karata zangu tatu zilichelewa. Kisima zamu ya nne, Kinu ya tisa. Mirja alitoa karata kwa niaba ya mumewe, akimwonyesha kila moja kwanza, naye akiitikia kwa kichwa kwa adabu. Alipotokea Mbwa wa Posta alisema, "Mbwa." Zamu ya kumi na mbili nikaivuta Kengele.

Ningeweza kupita tena. Niliwaza. Lakini nilikuwa nimeombwa.

Nikaiweka mezani, nikainyoosha ukingo ulingane na nyingine.

"Naeleza," nikasema. Sauti ilikuwa yangu, nashukuru. "Natoa gunia. Kisima kinanipa maji. Maji yamekuja, Kinu kinanipa gunia. Nimerudi nilipoanza, na gunia lilelile mkononi. Kila maji yakitoka, Kengele inalia, na kila mmoja wenu anapoteza pumzi moja. Hakuna mwenye karata ya kuukata mnyororo huu."

Jouni alikuwa amegeukia baiskeli zake. Mirja alikuwa ameinamisha kichwa. Ilitakiwa mtu aulize na hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwa nimekaa na mnyororo mkononi usio na pa kuishia.

"Mara ngapi?"

Ni Antero. Alikuwa ameacha mishumaa, anazitazama zile karata tatu, kidole kimesimama juu ya Kengele. Nikamwinamia.

"Wewe unajua ni mara ngapi, Antero."

Akanitazama, akangoja. Uso wake ulikuwa mwema, na haukuwa na mimi ndani yake.

"Arobaini," nikasema.

"Arobaini." Akahesabu kitu kimoyomoyo, akakubali. "Basi tumekufa wote. Kazi safi sana hiyo." Akaninyooshea mkono juu ya meza, kama inavyotakiwa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani, na nikaushika. Ulikuwa wa joto. "Hongera, mama. Huwa unacheza hapa?"

"Kila Jumapili," nikasema.

"Sisi pia hupita hapa," akasema, akachukua mkate. "Huenda tukaonana."

Jumapili, 7 Desemba

Theluji imeshika. Jouni alikuja na kikombe na ule waya wa kuchomea. Kwa hesabu ya orodha ya ushindi ni wangu. Nilimwambia achome jina la Antero, akachoma, pakabaki nafasi ndogo pembeni, akaniuliza kama nataka na langu. Nikakataa. Kisha nikamwita tena akiwa ameshafika ngazini, nikamwambia achome hapo picha ya mbwa.